Utatuzi wa Matatizo ya Programu na Data katika Ramani Shirikishi za Mtandaoni: Mifano kutoka OpenStreetMap ya Jiji la Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna ya kubaini na kutatua matatizo yanayojitokeza wakati watu wengi wanapochora na kuhariri ramani moja kwa njia ya intaneti. Mradi uliochaguliwa kuwa mfano ni OpenStreetMap, na mifano mingi imetolewa katika mazingira ya Jiji la Dar es Salaam. Hoja kuu ya makala ni kwamba matatizo mengi hayatatuliki, au huongezeka, kwa sababu mchoraji hajatofautisha kasoro ya programu na kasoro ya data. Makala inaeleza kwanza muundo wa data na matabaka ya mfumo, kisha inapendekeza hatua nne za uchunguzi, na mwisho inachambua matatizo yanayotokea mara kwa mara pamoja na tiba ya kila moja. Msisitizo maalumu umewekwa katika data za mitaro na mito, kwa kuwa kasoro katika data hizo huweza kupotosha maamuzi yanayohusu mafuriko.

1.0 Utangulizi

OpenStreetMap ni mradi wa ramani huria ulioanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Mtu yeyote anaweza kujisajili, kuongeza barabara, nyumba, visima au mito, na kusahihisha kilichochorwa na mwenzake. Tangu mwaka 2012 data zake hutolewa kwa leseni ya kanzidata huria, ambayo humruhusu mtumiaji kuzichukua na kuzitumia kwa sharti la kutaja chanzo na kuziacha wazi kanzidata zinazotokana nazo.

Katika Afrika Mashariki, ramani za namna hii zilipata umuhimu mapema. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora makazi yao ambayo hadi wakati huo yalionekana katika ramani nyingi kama eneo tupu. Mwaka 2011 kazi kama hiyo ilifanyika Tandale, Dar es Salaam. Mwezi Desemba mwaka huohuo jiji lilikumbwa na mafuriko makubwa yaliyoathiri hasa wakazi wa bonde la Mto Msimbazi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, uliowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa kata mbalimbali. Kazi yao ilikuwa kuchora nyumba, barabara, mitaro na vijito ili ramani isaidie kukadiria ni maeneo gani yatafurika na ni watu gani watakaoathirika.

Kutokana na matumizi hayo, kosa katika ramani si kosa la uchoraji pekee. Nyumba zilizochorwa mara mbili huongeza idadi ya kaya zinazokadiriwa kuwa hatarini. Mtaro uliochorwa kinyume hupeleka maji ya hesabu mahali ambapo maji halisi hayaendi. Barabara isiyounganishwa na nyingine humwambia dereva wa gari la wagonjwa kwamba hakuna njia. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa kutatua matatizo ya ramani ni sehemu ya elimu ya uchoraji wenyewe, wala haustahili kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

2.0 Muundo wa Data na Matabaka ya Mfumo

2.1 Vipashio vya Ramani

Data zote za OpenStreetMap hujengwa kwa vipashio vitatu. Cha kwanza ni nukta, yaani mahali pamoja penye latitudo na longitudo. Cha pili ni mstari, ambao ni orodha ya nukta zilizopangwa kwa mfuatano. Mstari mmoja hauwezi kuzidi nukta 2,000. Mstari ukirudi ulipoanzia unaweza kuwakilisha eneo, kwa mfano nyumba au bwawa. Cha tatu ni uhusiano, ambao hukusanya nukta na mistari kadhaa kuwa kitu kimoja, kama vile mpaka wa kata au njia ya basi.

Kila kipashio hupewa lebo zinazoeleza ni kitu gani. Lebo ina sehemu mbili, ufunguo na thamani. Kwa mfano, mtaro wa maji ya mvua huandikwa waterway=drain, na nyumba ambayo aina yake haijulikani huandikwa building=yes. Aidha, kila kipashio kina namba ya utambulisho na namba ya toleo. Kila kinapohaririwa, toleo huongezeka kwa moja na toleo la zamani hubaki katika kumbukumbu. Mabadiliko hutumwa katika mafungu. Fungu moja halizidi mabadiliko 10,000, na hubeba jina la mtumiaji, muda na maelezo ya kazi iliyofanyika. Sifa hizi mbili, yaani kumbukumbu ya matoleo na mafungu ya mabadiliko, ndizo zana kuu za mchunguzi wa matatizo.

2.2 Matabaka Manne

Mtazamaji wa kawaida huona ramani kama kitu kimoja. Kwa hakika kuna matabaka manne. La kwanza ni kanzidata kuu, inayotunza vipashio vyenyewe. La pili ni programu za kuhariri, kama vile iD inayofanya kazi ndani ya kivinjari na JOSM inayosakinishwa katika kompyuta. La tatu ni programu zinazochora picha ya ramani kutokana na data. Picha hiyo hukatwa katika vigae, yaani vipande vidogo vya mraba ambavyo kwa kawaida huwa na pikseli 256 kila upande, kisha vigae hivyo huhifadhiwa ili visichorwe upya kila vinapoombwa. La nne ni programu za watumiaji, zikiwemo za kutafuta majina, za kuelekeza njia na za simu, ambazo nyingi hutumia nakala ya data iliyochukuliwa siku au wiki kadhaa zilizopita.

Tatizo linaweza kuzaliwa katika tabaka lolote, lakini mara nyingi huonekana katika tabaka la tatu au la nne. Hapa ndipo upotofu unapoanzia. Mchoraji huona dalili katika picha, akadhani ugonjwa uko katika data, na kuanza kutibu kisichoumwa.

3.0 Hatua Nne za Uchunguzi

Makala hii inapendekeza kwamba kila tatizo lichunguzwe kwa kufuata hatua nne kabla ya kuhariri chochote.

Hatua ya kwanza ni kutazama data zenyewe badala ya picha. Tovuti ya OpenStreetMap ina nyenzo ya kuhoji vipashio vilivyopo mahali fulani, na mtumiaji anaweza pia kupakua eneo dogo katika JOSM. Ikiwa nyumba ipo katika data lakini haionekani katika picha, data ni nzima na kasoro iko katika tabaka la tatu.

Hatua ya pili ni kusoma historia ya kipashio. Historia hujibu maswali matatu: nani alikigusa mwisho, lini, na alibadili nini. Barabara iliyokuwa sawa jana na leo imepotea huwa imefutwa katika fungu fulani, na fungu hilo linaweza kufunguliwa na kusomwa lote.

Hatua ya tatu ni kujaribu kulizalisha tatizo upya kwa kubadili jambo moja tu. Ikiwa iD inagoma, fungua eneo lilelile kwa kivinjari kingine. Ikiwa JOSM inagoma, ianzishe bila programu-jalizi. Ikiwa kosa linatokea katika eneo moja tu na si katika maeneo mengine, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba chanzo ni data za eneo hilo. Ikiwa linatokea kila mahali, programu, mipangilio au mtandao ndivyo vya kushukiwa.

Hatua ya nne ni kupima ukubwa wa tatizo kabla ya kulirekebisha. Huduma ya Overpass humwezesha mchunguzi kuuliza kanzidata maswali mahususi, kwa mfano kuorodhesha mitaro yote ya wilaya moja isiyo na lebo ya upana. Kosa la nyumba moja hurekebishwa kwa mkono. Kosa la nyumba elfu moja lililotokana na fungu moja hurekebishwa kwa kulitengua fungu hilo.

4.0 Matatizo Yanayotokana na Programu na Mtandao

4.1 Picha Inayochelewa

Lalamiko la wachoraji wapya linalosikika zaidi ni kwamba kazi yao haionekani. Mara nyingi kazi ipo. Kigae cha eneo hilo bado hakijachorwa upya, au kivinjari kinaonyesha kigae cha zamani kilichohifadhiwa ndani ya kompyuta. Vigae vya ukaribu mkubwa huweza kusasishwa baada ya dakika chache, ilhali vile vinavyoonyesha nchi nzima huchukua muda mrefu zaidi. Matokeo yake ni kwamba barabara huonekana mtazamaji anaposogea karibu, na hutoweka anaporudi mbali.

Tiba ni kuhakiki kwa hatua ya kwanza iliyotajwa, kusafisha hifadhi ya kivinjari, kisha kusubiri. Kisichofaa kabisa ni kuchora tena. Katika madarasa ya uchoraji, mwanafunzi asiyeona nyumba zake huzichora mara ya pili, na hivyo tatizo la picha ambalo lingejiponya lenyewe hugeuka kuwa tatizo la data litakalodumu.

Mfano mwingine wa aina hii ni mstari wa pwani. Kwa kanuni, mstari wa pwani huchorwa kwa namna ambayo nchi kavu inabaki kushoto na maji yanabaki kulia mwa mwelekeo wa mstari. Kwa hiyo kisiwa kama Unguja huzungushiwa mstari unaokwenda kinyume cha mwendo wa saa. Mchoraji akigeuza kipande kimoja au akikikata bila kukiunganisha, programu haiwezi tena kujua bahari iko upande gani. Maeneo ya nchi kavu na bahari huandaliwa kwa utaratibu wa pekee, tofauti na vipashio vingine. Kwa hiyo hata baada ya data kusahihishwa, picha huchelewa zaidi kufuata. Mchoraji asiyejua jambo hili huweza kuendelea kugeuza mstari uliokwisha kuwa sahihi.

4.2 Mgongano wa Matoleo

Tuchukulie kwamba wanafunzi wawili wamepakua kipande kilekile cha Kata ya Tandale saa tatu asubuhi, na mtaro mmoja uko katika toleo la 3. Mwanafunzi wa kwanza anaongeza lebo ya upana na kutuma. Mtaro unakuwa toleo la 4. Mwanafunzi wa pili anasogeza nukta za mtaro huohuo na kutuma saa tano, huku kompyuta yake ikidai kwamba inahariri toleo la 3. Seva hukataa na kutoa msimbo 409, maana yake ni kwamba kuna mgongano.

Kukataa huku si hitilafu ya seva. Ni kinga. Laiti seva ingekubali, kazi ya mwanafunzi wa kwanza ingefutika pasipo mtu kujua. Njia sahihi ni kusasisha data, kulinganisha matoleo mawili kipengele kwa kipengele, na kuunganisha yote mawili, yaani upana uliopimwa na mwenzake na mahali sahihi palipochorwa naye. Kubofya kitufe cha kubakisha mabadiliko yangu yote ili ujumbe wa kosa uondoke ni kuivunja kinga hiyo kwa mkono.

Misimbo mingine miwili inafaa kufahamika. Msimbo 410 humaanisha kwamba kipashio kinachotafutwa kimekwisha kufutwa. Msimbo 412 hutokea, kwa mfano, mtu anapojaribu kufuta nukta ambayo bado inatumiwa na mstari. Hali zote mbili hutokana na kufanya kazi juu ya data zilizopakuliwa muda mrefu uliopita. Kinga bora ya migongano ni kupakua eneo dogo, kutuma mara kwa mara, na kugawana maeneo. Mfumo wa kugawa kazi unaotumiwa na Humanitarian OpenStreetMap Team hukata eneo kubwa katika miraba na kumfungia kila mchoraji mraba wake kwa muda maalumu ili wengine wasiuingie.

4.3 Kukatika kwa Mtandao Wakati wa Kutuma

Tatizo hili linastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu linahusu moja kwa moja mazingira yenye mtandao usio imara. Katika JOSM, kipashio kipya ambacho hakijatumwa hupewa namba hasi ya muda. Kikishapokelewa, seva hukipa namba ya kudumu na kurudisha jibu, na ndipo JOSM huibadili namba hasi kuwa namba halisi.

Mtandao ukikatika kabla data hazijafika, hakuna madhara. Mchoraji hutuma tena. Hata hivyo, mtandao unaweza kukatika baada ya seva kupokea na kuhifadhi, lakini kabla ya jibu kumfikia mchoraji. Katika hali hiyo nyumba zimekwisha kuingia katika kanzidata, ilhali kompyuta ya mchoraji bado inaziona kuwa mpya kwa kuwa zina namba hasi. Akituma tena, seva huzipokea kama nyumba nyingine, na kila nyumba huwa mbili, moja juu ya nyingine. Kwa kuwa zimekaa mahali pamoja kabisa, jicho haliwezi kuzitofautisha katika picha. Hata hivyo, programu inayohesabu nyumba zilizo katika eneo la mafuriko itazihesabu mara mbili.

Kwa hiyo, baada ya kutuma kushindikana, mchoraji asitume tena papo hapo. Kwanza afungue orodha ya mafungu yake katika tovuti na kuangalia kama fungu la mwisho lina vipashio. Likiwa tupu, atume tena. Likiwa na vipashio vyote, ayaache mabadiliko yaliyo katika kompyuta yake na kupakua eneo upya. Likiwa na baadhi tu, apakue upya na kuchora kilichobaki. Pale ambapo mtandao ni dhaifu, kutuma katika vipande vidogo hupunguza hasara, kwa kuwa kila kipande hupata jibu lake. Marudio yaliyokwisha kuingia hubainishwa kwa kihakiki kilichomo ndani ya JOSM au kwa huduma ya Osmose, ambayo huchambua data na kuorodhesha kasoro kwa aina zake.

5.0 Matatizo Yanayotokana na Data

5.1 Majiranukta Yaliyokosewa

Vituo vinavyokusanywa uwandani, kama visima, zahanati au shule, mara nyingi huandikwa kwanza katika jedwali na baadaye kuhamishiwa katika ramani. Makosa ya hatua hii yana faida moja kwa mchunguzi: kila kosa hupeleka nukta mahali pake maalumu, hivyo mahali penyewe hufichua chanzo.

Katikati ya Dar es Salaam kuna takribani latitudo -6.80 na longitudo 39.28. Ikiwa safu mbili zimebadilishana nafasi, nukta itaangukia magharibi mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno. Ikiwa alama ya kutoa imesahaulika, itaangukia kusini mwa Ethiopia. Ikiwa visanduku vilikuwa vitupu na programu ikavisoma kama sifuri, itaangukia katika Ghuba ya Guinea, mahali ambapo Ikweta inakutana na mstari wa longitudo sifuri. Ikiwa nyuzi na dakika zimeandikwa kama desimali, yaani 6°48' na 39°17' zikawa 6.48 na 39.17, nukta itaangukia baharini kati ya Bagamoyo na Unguja. Mchunguzi mwenye orodha hii kichwani hahitaji kukisia. Anatazama nukta ilikopotelea na kujua la kurekebisha.

Kosa lililojificha zaidi ni la mfumo rejea. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilitengenezwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS na OpenStreetMap hutumia WGS 84. Majiranukta ya mfumo mmoja yakitumiwa katika mwingine bila kubadilishwa, vitu vyote husogea pamoja kwa takribani mita 300. Dalili yake ni kwamba umbo la mtaa ni sahihi, barabara zinakutana vizuri, lakini mtaa mzima umekaa pembeni. Tiba ni kubadili mfumo wa data zote kwa mkupuo, kwa kutumia programu kama QGIS, wala si kusogeza nyumba moja moja.

5.2 Taswira za Setilaiti Zisizolingana

Watoaji wa taswira hutofautiana, na taswira mbili za eneo moja zinaweza kupishana kwa mita kadhaa. Mchoraji wa kwanza hutumia taswira moja, wa pili huja na nyingine, akaona nyumba zote zimekosewa na kuanza kuzisogeza. Wa tatu atazirudisha. Ubishi huu hauishi mpaka kuwe na kipimo cha nje. Kipimo hicho ni nyayo za GPS zilizorekodiwa na watu waliopita barabarani. Wimbo mmoja wa GPS haufai kwa kuwa simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Nyayo nyingi zikiwekwa pamoja hutoa mstari wa kati unaoaminika. Taswira hurekebishwa ilingane na nyayo hizo kwanza, ndipo uchoraji uanze. Vilevile, nyumba ndefu huonekana zimeinama katika taswira, hivyo kinachochorwa ni msingi wake na si paa.

5.3 Barabara Zisizounganishwa

Barabara mbili zinaweza kuonekana zinakutana ilhali katika data hazina nukta ya pamoja. Kwa macho kuna njia panda. Kwa programu ya kuelekeza njia kuna mistari miwili isiyojuana, na msafiri huzungushwa kwa sababu isiyoeleweka. Vihakiki hubaini kasoro hii kwa urahisi, lakini havipaswi kutiiwa bila kufikiri. Katika makutano ya TAZARA, Barabara ya Nyerere inapita juu ya Barabara ya Mandela kwa daraja la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018. Mistari ya daraja na ya barabara ya chini inavukana pasipo kuungana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Atakayeiunganisha ili onyo liondoke atakuwa amewaruhusu madereva, kwa mujibu wa ramani, kugeuka hewani. Onyo la programu ni swali linalohitaji jibu kutoka uwandani.

5.4 Mitaro na Vijito

Kwa kanuni ya OpenStreetMap, mto, kijito na mtaro huchorwa kufuata mwelekeo wa maji, kuanzia juu kwenda chini. Mwelekeo huu hauonekani katika picha ya kawaida ya ramani, na kwa hiyo mtaro uliogeuzwa unaweza kukaa miaka mingi bila kugunduliwa. Anayeathirika ni mtumiaji wa mwisho. Programu inayokokotoa mtiririko wa maji kuelekea Mto Msimbazi hufuata mistari kama ilivyochorwa. Ikikuta kipande kimoja kimegeuzwa, hesabu husimama hapo au maji hurudi nyuma, na mtaa wa chini huonekana mkavu katika makadirio.

Kasoro ya pili ni mkatiko. Mtaro unapopita chini ya barabara kwa kalavati, wachoraji wengi huukatisha ukingoni mwa barabara na kuuanza tena ng'ambo. Uwandani maji yanapita. Katika data yamezibwa. Inapasa kipande cha chini ya barabara kichorwe na kupewa lebo ya kalavati, kiunganishwe na vipande vya pande zote mbili, lakini kisiungane na barabara kwa namna ya njia panda.

Katika kuhakiki mitaro, data za mwinuko wa ardhi husaidia, lakini hazitoshi. Katika uwanda wa pwani tofauti ya mwinuko kati ya ncha mbili za mtaro ni ndogo kuliko kosa la kipimo cha setilaiti. Hivyo basi, mkazi anayejua maji ya masika huja kutoka upande gani ni chanzo cha data chenye thamani kuliko taswira. Swali aulizwe yeye, na jibu lake liandikwe katika maelezo ya fungu la mabadiliko ili mchoraji wa mbali asije akaligeuza.

5.5 Majina na Tahajia

Utafutaji wa majina hushindwa kwa sababu ndogo ndogo. Kanuni inataka majina yaandikwe kwa ukamilifu. Hivyo "S/M" inafaa kuwa "Shule ya Msingi", kwa kuwa mtafutaji anaweza kuandika jina lote. Kiswahili kina tatizo jingine la pekee katika sauti ng'. Jina la Chang'ombe linaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa iliyopinda inayowekwa na programu za kuandikia, au bila ritifaa kabisa. Kwa msomaji hayo ni jina moja. Kwa kompyuta isiyoelekezwa ni majina matatu. Jedwali la wakazi likiunganishwa na ramani kwa kutumia jina la kata, safu za Chang'ombe hubaki bila mwenzi na kata hiyo hutoka tupu katika matokeo. Inashauriwa timu ikubaliane kuhusu alama moja kabla ya kuanza kazi, na kabla ya kuunganisha majedwali isawazishe alama hizo katika nakala yake.

6.0 Kutengua Mabadiliko na Kuwasiliana

Kutengua fungu la mabadiliko ni tiba yenye nguvu, na JOSM ina programu-jalizi ya kufanya hivyo. Lakini kutengua hakufuti historia. Huongeza toleo jipya linalofanana na la zamani. Ikiwa watu wengine wamekwisha kuhariri vipashio hivyohivyo, kutengua huweza kuondoa kazi yao njema pamoja na kosa lililolengwa. Kwa hiyo mchunguzi asome kwanza kilichofanyika baada ya fungu hilo.

Kabla ya kutengua, ni uungwana na pia ni busara kumwandikia mwenye fungu. Kila fungu lina sehemu ya maoni. Swali fupi lenye kutaja kipashio, mahali na tofauti iliyoonekana hupata jibu kuliko lawama. Aghalabu mtu anayeonekana kuharibu ramani ni mwanafunzi aliyekosea kitufe, au ni mkazi anayejua kwamba barabara imefungwa. Uharibifu wa makusudi na migogoro isiyosuluhishika huwasilishwa kwa kikundi kazi cha data cha taasisi ya OpenStreetMap, chenye mamlaka ya kumzuia mtumiaji. Ikiwa tatizo ni la programu, taarifa kwa watengenezaji inatakiwa kutaja toleo la programu, mfumo wa kompyuta, hatua zilizofuatwa, matokeo yaliyotarajiwa, matokeo yaliyopatikana na ujumbe wa kosa kama ulivyoandikwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kutatua matatizo ya ramani shirikishi kunaanza na kutambua tabaka lenye kasoro. Picha inayochelewa huhitaji subira. Mgongano wa matoleo huhitaji ulinganisho. Kukatika kwa mtandao huhitaji ukaguzi wa fungu kabla ya kurudia. Na kosa la majiranukta huhitaji kusoma mahali nukta ilipoangukia. Imeonyeshwa pia kwamba zana za uhakiki hubaini kisicholingana na kanuni, lakini haziwezi kusema kipi ni kweli uwandani. Mwelekeo wa mtaro, jina la mtaa na uwepo wa daraja huthibitishwa na aliyepo mahali hapo.

Inapendekezwa kwamba mafunzo ya uchoraji katika vyuo na katika mitaa yasiishie kwenye kufundisha namna ya kuongeza data. Kila mafunzo yatenge muda wa kusoma historia ya vipashio, kuhakiki fungu lililokatika na kupitia mitaro ya eneo husika pamoja na wajumbe wa mtaa. Kwa wakazi wa mabondeni, ubora wa kazi hiyo hupimwa wakati wa masika.